Risasi Sita

Neno letu ni moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile madini ya kijivu inayotolewa kwenye betri kuukuu za magari, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Mjomba wangu, mvuvi wa Bagamoyo, miaka yote alisubu ya kwanza kutengeneza chubwi za mishipi. Siku moja jamaa wa upande wa Saadani akamletea kalibu ya chuma aliyorithi kwa babu yake, amsubie ya pili.

“Shikamoo mzee. Nguruwe wamemaliza mihogo.”

“Marahaba. Kibali cha gobori unacho?”

Cha gobori alikuwa nacho. Cha kusubu risasi hakuna aliyekiulizia.

Sufuria ikabandikwa juu ya mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi. Nilipotaka kuchovya kijiko kilicholowa, mjomba alinifokea: tone la maji likizama humo hugeuka mvuke papo hapo na kukurushia risasi ya moto usoni. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, watu waliambiwa kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Sufuriani maji ndiyo yanayoigeuza risasi kuwa silaha.

Za kwanza zilitoka na mikunjo, maana kalibu ilikuwa bado baridi. Chubwi yenye mikunjo asingeijali. Samaki hatazami sura. Hizi alizirudisha zote sufuriani. Akaipasha kalibu, akamimina tena na tena, mpaka akapata sita laini.

“Yenye mikunjo huenda upande,” alisema. “Mnyama atajeruhiwa, akafie porini siku ya tatu.”

Nakiri nilitamani azikabidhi zile mbovu. Niliona kazi mbaya ni namna ya kukataa bila kumvunjia mgeni heshima. Mjomba anasema anayekataa hukataa kwa mdomo. Ukishakubali, ubovu wa kazi yako ataulipia mwingine. Mchinjaji hunoa kisu ili mnyama asiteseke. Hapo namwafiki kabisa.

Lakini mchinjaji kisu anakishika mwenyewe. Mjomba alivitoa vyuma sita vilivyonyooka, vikaenda asikoona, na kadiri alivyovisubu vizuri ndivyo vitakavyompata yeyote atakayelengwa. Tunamjua Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani hapa Bagamoyo na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Waliosubu risasi za magobori ya zama zile hatuwajui, na sidhani waliwahi kuulizwa zilimwangukia nani.

Nikimwambia haya, hunijibu kwa swali moja: watoto wa yule bwana wale nini? Sina jibu linaloshibisha.

Kalibu imebaki kwetu, mwenyewe asihangaike kuibeba akirudi. Mjomba ameipaka mafuta na kuifunga kitambaa isipate kutu. Mimi ningeiacha ipate.