Kulipua

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Gungu kwa siku nne, nikakaa kumi na moja. Sababu ni gari. Land Rover 109 ya marehemu baba ilikuwa uani juu ya mawe na magogo, magurudumu yote yametolewa, baba mdogo yuko chini yake, inaonekana miguu tu. Gari lilitakiwa liende Mvomero kwa binamu yangu aliyeanza kilimo huko, na lingebaki kwake moja kwa moja. Kwa Uvinza, Tabora, Singida na Dodoma, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Silinda ya breki ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa inavuja. Mjini spea hakuna, iliagizwa Dar ije na basi. Mimi na haraka zangu za chumba cha habari nikasema, baba mdogo, si tuzibe tu ule mrija, gari liende na breki za matairi matatu? Mbinu hiyo niliiona kwake mwenyewe. Nikiwa darasa la tano, njia ya Kasulu, mvua inapiga, mama mjamzito amelala nyuma, aliukunja mrija kama huo akaugonga kwa nyundo na tukafika hospitali. Tulimsifu miaka mingi.

Akatoa kichwa. "Ile ilikuwa njiani, mwanangu. Hapa ni nyumbani. Hapa itakuwa kulipua."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Kitendo ni kilekile, nyundo ileile, mrija uleule. Porini ni ufundi, uani ni kulipua. Kwa hiyo kosa halimo kwenye mrija. Limo wapi?

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa muda: ukiwa na nafasi ya kufanya vizuri halafu usifanye, umelipua. Lakini hilo ni suala la uvivu tu, na wavivu tunasameheana kila siku. Nadhani kosa liko kwa yule atakayekuja kukaa nyuma ya usukani. Njia ya Kasulu, aliyekunja mrija ndiye aliyeendesha, na kila mteremko alijua ana breki tatu. Binamu yangu asingejua. Angekanyaga breki akiamini mguu wake unashika matairi manne.

Ndiyo maana mashindano ya magari, pamoja na hatari zake zote, kimaadili ni jambo jepesi. Chukua Joginder Singh, yule Mkenya aliyeitwa Simba wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda East African Safari akiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mkononi, kama tunavyosema. Yeye na mdogo wake Jaswant walilitengeneza, kisha wakapanda humohumo wao wawili. Safari ya enzi zile haikuwa mchezo: mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na 1968 vilevile saba. Lakini fundi anayepanda gari lake hawezi kumdanganya mtu. Akilipua, kamlipukia mwenyewe.

Ugumu unaanza pale anayetengeneza anapobaki na mwingine anaposafiri. Hapa Kigoma tuna mfano mkubwa unaoelea. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanakimbia, waliizamisha meli yao Graf von Goetzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo giriisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilifaa kufanya kazi tena, na mwaka 1927 meli ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Bibi zetu wamepanda meli hiyo na magunia ya dagaa kwa sababu mtu fulani, akiwa ameshindwa vita, hakulipua kazi ya giriisi.

Najua utaniambia hawakumpakia bibi yangu giriisi ile, walitaka kurudi kuichukua meli yao. Kweli. Na mitambo yenyewe ya mvuke ilitolewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli. Abiria anayekwenda Kasanga hana shida na nia ya fundi, anataka afike. Lakini mimi nadhani nia inamhusu fundi mwenyewe, maana ndiye anayelala nayo usiku.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo, nimeridhika kabisa, siku ya tisa baba mdogo akaniita. Alikuwa anakwangua chesisi karibu na springi ya nyuma. Chini ya rangi nyeusi nzito kulikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa juu juu, na nyuma ya kiraka chuma kimeoza, ukikibonyeza kwa bisibisi kinaingia. Kimepakwa rangi ili kisionekane.

Gari hili halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Baba alijitengenezea mwenyewe, na miaka yake ya mwisho, alipokuwa haoni vizuri, hakuliendesha. Aliyeendesha ni baba mdogo. Nyuma tulikaa sisi, mimi na wadogo zangu, siku za kwenda Ujiji kwenye harusi na siku za kurudi shule.

Baba alisifika mji mzima kwa uaminifu. Msibani watu walisimama mmoja baada ya mwingine kulisema hilo, na mimi nikaandika.

Nikamuuliza baba mdogo kama alikuwa anajua. Alikuwa ameshawasha grainda.

"Nishikie taa," akasema. "Sogeza huku, naona kivuli chako."

Tulikata kipande chote mpaka chuma kizima.