Ukweli Nusu Bei
Andiko: Matendo 5:1–11, Mithali 11:1

Leo nataka kuungama jambo mbele yenu.

Wengi mnalijua lile gitaa jekundu la umeme nililopigia sifa hapa Kanja kwa miaka mingi. Marehemu mjomba wangu alilinunua Nairobi miaka ya sabini, alipokuwa akizunguka studio za River Road. Halikuwa gitaa la kawaida. Lilitoka kiwandani Japani likiwa la majaribio, kabla ya aina yake kuanza kuuzwa. Halina namba, na ndani ya shingo kuna maandishi ya penseli ya fundi aliyelitengeneza.

Kijana wangu alipoitwa chuo na karo ikakosekana, mtu wa Nairobi anayekusanya magitaa ya zamani alinipigia simu. Akasema, "Pasta, kama vyombo vya ndani ni vile vya kwanza, nakupa laki moja na nusu."

Sasa sikiliza. Tangu George Beauchamp apewe hataza ya gitaa lake la umeme kule Marekani mwaka 1937, kanuni ni ile ile. Chini ya nyuzi kuna sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Uzi ukitikisika, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya na kwenda kwa amplifaya. Waya ukikatika ndani, rangi inaweza kung'aa vipi, gitaa ni bubu.

Langu lilikuwa na kasoro mbili. Volyumu ilikwaruza ukiizungusha, kwa vumbi na uzee. Hiyo kila mtu angeisikia. Ya pili ilijificha: ule waya ulikatika zamani, na fundi wa redio akauzungusha upya kwa waya mwingine. Kwa wakusanyaji, hilo linashusha bei sana.

Nikapanga hivi: nitamwambia ya volyumu, aone mimi ni mtu mwaminifu. Ya waya nitanyamaza. Si nimesema ukweli?

Usiku ule nikafungua Matendo 5. Anania hakukosea kuuza shamba. Petro mwenyewe alimwambia lilikuwa lake, na pesa zilikuwa mikononi mwake. Kosa lake ni kuleta sehemu, kisha kuiweka miguuni pa mitume kana kwamba ni yote. Kanisa, nilijiona pale! Nilitaka kuleta nusu ya ukweli nikiuita mzima. Nusu ile ndogo ilikuwa chambo.

Asubuhi nikampigia simu nikamwambia yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa ni elfu themanini na tano, mzee." Nikakubali.

Siwaambii pesa zilirudi mara saba. Hazikurudi. Mke wangu aliuza ng'ombe ili karo itimie, naye akamwambia mnunuzi kwamba chuchu moja imeziba. Bei ikashuka tena! Lakini kijana alienda chuo kwa pesa ambazo naweza kuziombea.

Mwambie jirani yako: mizani haiko sokoni tu! Unauza pikipiki, umetaja taa iliyokufa na kuificha injini iliyofunguliwa. Unauza maziwa, umesema ni ya jana lakini hukutaja maji. Unauza shamba, umeonyesha mpaka na kuficha kesi. Mithali 11:1 inasema Mungu anachukizwa na mizani ya udanganyifu. Na kunyamaza kwaweza kuwa jiwe lililofichwa kwenye mizani.

Kama kuna mtu ulimuuzia nusu ya ukweli, wiki hii mtafute. Simu unayo.

Tuombe: Bwana, fungua ndani yetu, pale waya ulipokatika, usituache tung'ae nje tu. Katika jina la Yesu. Amina.