Kupona na Kuwa Mzima

Mtu hupona lini? Swali hili laonekana jepesi, na wengi hulijibu kwa kusema: pindi jeraha lifungapo na homa iondokapo. Lakini lugha yetu haikubaliani na jibu hilo. Kiswahili kina neno kupona, nacho kina neno uzima, na maneno hayo si mamoja. Aliyepona ameepukana na mauti. Aliye mzima aweza kuinuka, kuteka maji, kwenda sokoni na kurudi kwake. Kati ya hali hizo mbili pana njia, na huduma za kumpitisha mgonjwa katika njia hiyo ndizo ziitwazo huduma za utengamao: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kusema upya baada ya kiharusi, miguu bandia, magongo na viti vya magurudumu. Je, huduma hizi ni haki ya mgonjwa au ni hisani tu?

Tulitazame swali hili kutoka Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi. Mahali hapo palikuwa gereza kabla ya kugeuzwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo wamo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila upenuni. Tuchukue mfano wa mtoto aliyekatwa mguu. Kidonda kimefunga, na daktari amemaliza kazi yake. Lakini mtoto anakua na mguu bandia haukui. Hapana budi ubadilishwe karibu kila mwaka. Hospitali Kuu ya Kamuzu iko Lilongwe, mwendo wa kilomita zaidi ya 40. Nauli yatakiwa, na kibali cha kutoka kambini pia.

Wapo wasemao kwamba penye malaria na upungufu wa dawa, heri kwanza kuokoa roho. Miguu bandia ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Kasoro yake ni kudhani kwamba asiyehudumiwa hana gharama. Mgonjwa wa kiharusi asiyegeuzwa wala kunyooshwa viungo hupata vidonda vya kulalia, akarudishwa wodini. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, akifungwa plasta kwa majuma kadhaa na kuvalishwa viatu maalumu vya kulalia hadi umri wa miaka minne hivi, aghalabu hutembea kama wenziwe. Asipopata, mama yake ndiye atakayembeba, na shule itamkosa. Hapo hapakuwekwa akiba yoyote. Deni limetolewa hospitalini likatwikwa mgongoni pa mama.

Wala haya si mageni duniani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliiweka kazi hii pamoja na kinga na tiba katika afya ya msingi. Moshi, Tanzania, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilianzishwa mwaka 1981. Lilongwe nako, mwaka 2009, shirika la 500 Miles lilifungua karakana ya viungo bandia katika hospitali tuliyoitaja. Mwanzilishi wake, Olivia Giles wa Uskoti, alikuwa mwanasheria aliyekatwa mikono na miguu mwaka 2002 kwa homa ya uti wa mgongo. Aliyetengamaa aliwatengeneza wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali zinazohitaji utengamao, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba huduma hizi ziimarishwe katika mifumo ya afya. Ujuzi upo, kinachopungua ni kukubali kwamba twawiwa.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Sisi walimu huifundisha methali hii kama onyo, kwamba mtu asimcheke kilema. Fundisho hilo ni jema, lakini halitoshi. Ikiwa kila mmoja wetu bado anaumbwa, basi ngazi ya zahanati isiyo na mteremko wa kiti cha magurudumu, na safari ya Lilongwe isiyo na nauli, si mambo ya watu wengine. Yafaa tunapoieleza methali hii darasani tuwaulize wanafunzi si nani asichekwe tu, bali pia nani aliachwa njiani baada ya kupona, na ni nani aliyewajibika kumfikisha.