Namba za Msitu Zirudi Kijijini

Wanangu mnaojiandaa kuanza shahada ya uzamili ya misitu, tangu nilipostaafu ubwana miti, vijana huja hapa nyumbani na swali lile lile: mzee, nikasome wapi? Morogoro, au nje? Norway, Finland, Ujerumani? Nami huwajibu kwa swali lingine, na wengi huondoka hawajaridhika: hilo unalotaka kulitafiti, nani analisubiri jibu lake?

Swali hili nimelipata kwa aibu. Mwaka 1996 nilikuwa kwenye timu ya kupima msitu wa asili wa kijiji kimoja mkoani Lindi. Majuma matatu tulilala kwenye turubai. Vijana wa kijiji walitufyekea mikuza, wakabeba maji, wakashika futikamba upande wa pili. Alikuwepo mzee mmoja mrina asali, huyo ndiye aliyekuwa kitabu chetu cha majina. Sisi wenye vyeti tulisimama chini ya mti tukibishana juu ya majani. Yeye alikwangua gome kwa kisu, akanusa, akasema huu mtundu, ule mkongo, na ule wa kule msiuguse, nyuki wangu wamo.

Siku ya kuondoka, watu walikusanyika chini ya mwembe tukawaahidi kwamba matokeo yatarudi. Hayakurudi. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ikatiwa kwenye jalada, jalada likaingia kabatini katika ofisi ambayo sitaitaja, nami nikahamishiwa mkoa mwingine. Miaka minane baadaye nilipita kijijini pale kwa kazi nyingine. Yule mzee alinitambua hata kabla sijashuka kwenye gari. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Bwana miti, zile namba zetu mlizozichukua ziko wapi?" Kumbe katika miaka ile mfanyabiashara wa mbao alikuwa amekuja, na kijiji kikamuuzia mininga kwa kukadiria kwa macho. Walikuwa hawajui wana miti mingapi, ya unene gani, wala wakate kiasi gani wabakiwe na mbegu. Sisi tulijua. Tulikuwa tumeyaandika yote hayo, tukayafungia safari ya siku mbili kwa basi kutoka kwao.

Msidhani nazungumzia kijiji kimoja chenye bahati mbaya. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, sehemu kubwa kabisa ikiwa miombo, na karibu nusu ya misitu yote hiyo iko kwenye ardhi za vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Lakini haki hiyo inadai mpango wa usimamizi, na mpango unadai hesabu: tuna nini, kinakua kwa kasi gani, tuvune kiasi gani kwa mwaka. Kamati ya maliasili ya kijiji haina mtu wa takwimu. Nyinyi ndio watu wa takwimu.

Na pale hesabu ilipopatikana, mambo yalikwenda. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa viliingia kwenye cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mti wenyewe ni mpingo, ule unaochongwa klarineti na oboe huko Ulaya. Mpingo humchukua mtu umri wake wote, na zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Mti wa namna hiyo hauuzwi kwa macho.

Kwa hiyo mkifika darasani, msiikimbie hesabu. Najua wengi mliingia misitu kwa kupenda pori, si namba. Hebu tazameni. Mti hupimwa unene wake usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Msindano wa sentimita 30, ukichoka ukausoma 33 kwa sababu futikamba imelala mshazari, unaona ni kosa la sentimita tatu tu. Lakini ujazo unafuata mraba wa kipenyo: kosa lako limeshaongeza asilimia 21 ya ubao ambao haupo duniani. Ukikosea hivyo katika kila ploti, msitu mzima unakuwa mkubwa kwenye karatasi, kijiji kinaruhusiwa kukata zaidi, na baada ya miaka 10 watu wanashangaa miti imekwenda wapi. Mimi nimewahi kumrudisha kijana ploti nzima, jua la saa nane, kwa sababu alipima juu ya kovu la gome. Alinuna. Leo ni mtaalamu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha.

Mtafundishwa pia kwamba wazo la uendelevu liliandikwa na Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, mwaka 1713, alipoona kuni na nguzo za migodi ya fedha zinakwisha. Fundisho lake ni la kweli: usivune kuliko kinachoota. Lishikeni. Ila misitu mingi iliyojengwa juu ya fundisho hilo ilikuwa ya kupandwa kwa mistari, aina moja, umri mmoja. Shamba la miti la Sao Hill pale Mufindi linaweza kuendeshwa hivyo, maana msindano wake ulitoka Mexico na tarehe ya kupandwa imeandikwa. Miombo haina tarehe ya kupandwa. Kisiki chake huchipua, mizizi hutoa vichipukizi, aina kadhaa za miti husimama pamoja kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 15, na kila mwaka moto hupita. Msichukue kanuni ya msindano mkaivalisha mtundu. Nimeona tasnifu zilizofanya hivyo zikapita, na bado nasema ni kazi mbovu.

Kuhusu moto, someni majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930. Ploti moja ilichomwa mapema majani yakiwa bado na unyevu, nyingine ilichomwa mwishoni mwa kiangazi kila kitu kikiwa kikavu, nyingine ikalindwa isiungue kabisa. Baada ya miaka mingi, ile ya moto wa kuchelewa ilikuwa imepoteza miti yake mikubwa, na ile iliyolindwa ikawa inafunga kuwa msitu mnene. Mrina asali wetu hakuwa amesikia habari za Ndola, lakini alikuwa akichoma kuzunguka mizinga yake mwezi wa Juni, na Septemba hakuwasha kiberiti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema moto wa Juni unalamba, wa Septemba unatafuna. Natamani kijana mmoja wenu achukue ujuzi wa watu kama yeye, aupime kwa ploti za kudumu, na asikubali kuuita imani za wenyeji kabla hajaupima.

Walioko Morogoro wana Kilosa jirani. Huko, tangu mwaka 2012, baadhi ya vijiji vilianza kuchoma mkaa kwa mpango: msitu umegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, kinakatwa kimoja, cha jirani kinaachwa, na kilichokatwa kinapewa miaka 24 kuchipua. Watu wengi mjini wakisikia mkaa wanasikia dhambi, na huku jioni wanaupikia. Je, miaka 24 inatosha? Panapolishwa mifugo je? Kwenye mchanga na kwenye mfinyanzi ni sawa? Hayo ni maswali yenye watu wanaoyasubiri, na majibu yake ni pesa ya zahanati na madawati ya kijiji.

Walio upande wa uhandisi wa misitu nawaambia machache, kwa kuwa wengi wenu mnaonekana kudhani kazi yenu ni mashine. Kazi yenu ni maji. Barabara ya msituni ikikatwa kushuka moja kwa moja na mteremko, mvua za Januari zitaigeuza korongo, na udongo wote utaishia mtoni. Jifunzeni kupitisha njia kwa kufuata kontua, jifunzeni mitaro na kalvati, jifunzeni kumpangia dereva wa trekta mahali pa kuburuzia magogo asikanyage kila chipukizi. Na mtu wa msumeno asiye na kofia ngumu wala viatu vya kazi, msimwache aangushe mti mbele yenu. Nimezika wawili.

Sasa lile swali la wapi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina misitu yake ya kufundishia, Olmotonyi chini ya Mlima Meru na Mazumbai kule Usambara Magharibi, na shahada ya misitu imefundishwa Morogoro tangu 1973. Si mahali pa kwenda kwa kukosa pengine. Ndugu zetu wa Kongo wenye Kifaransa wanayo shule ya ERAIFT ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya misitu ya tropiki hasa. Ukipata ufadhili wa Ulaya, nenda; maabara zao ni nzuri na utaona mambo. Lakini kabla ya kutia saini, muulize msimamizi wako kama atakuruhusu kukusanya data nyumbani. Kijana mmoja wa ukoo wetu alisoma miaka miwili juu ya misprusi ya theluji, akarudi na cheti kizuri, na mpaka leo kila akiingia kwenye miombo anaanza upya. Amepata kazi, namshukuru Mungu, ila yeye mwenyewe huniambia angechagua vingine.

Na nyinyi mabinti, mtaambiwa pori si pahali penu. Nimefanya kazi na akina mama waliotembea mkuza wa kilomita 12 na kurudi na fomu zilizojazwa vizuri kuliko zetu. Nendeni.

Nirudi kwa mzee wangu. Baada ya swali lake nilirudi ofisini, nikalitafuta jalada mpaka nikalipata, nikakaa usiku kadhaa nikiandika majedwali yale kwa Kiswahili: majina ya miti kama alivyotutajia yeye, idadi kwa kila hekta, na kiasi cha kukata kwa mwaka. Zilitoka kurasa nne tu. Nilipozifikisha kijijini, mwenyekiti alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia mrina asali tumemzika mwezi uliopita.

Tasnifu yenu itakuwa ya Kiingereza, na itawekwa maktaba. Hilo ni la chuo. Ninachowaomba ni zile kurasa nne. Ziandikeni kwa Kiswahili cha watu waliowashikia futikamba, muwatajie na majina yao, na mzipeleke wenyewe mkutanoni, kabla hamjavaa joho.