Kijipande Kilichokuwa Chini ya Mkeka

Jioni moja mtoto wa dada yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuja na daftari lake nyumbani kwangu, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Akaketi mkekani, akaniambia, "Mjomba, hesabu hii nimeikariri, lakini siijui." Neno lile lilinichoma, maana wengi wetu tulipita shule hivyo hivyo.

Hesabu yenyewe ni x² + 7x + 12, itafutiwe vigawo. Kanuni aliijua: tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha wapata 12, ukizijumlisha wapata 7. Kwa nini iwe hivyo, hajaona. Nikachukua boksi tupu la sabuni na mkasi. Tukakata mraba mmoja mkubwa, ndio x². Tukakata vipande saba vyembamba, urefu wake sawa na ubavu wa ule mraba, ndio 7x. Mwisho tukakata miraba midogo 12, ubavu wake sawa na upana wa vile vyembamba. Nikamwambia avipange vyote vitoe mstatili mmoja, kisibaki kitu nje wala pengo ndani.

Akaweka vyembamba viwili ubavuni mwa mraba mkubwa, vitano chini yake. Kona iliyobaki kati yake ikajaa kwa vidogo kumi, kimoja kikabaki nje. Akajaribu kimoja na sita. Kona ikajaa kwa sita, vitano vikakosa pa kukaa. Akajaribu vitatu na vinne. Hapo kona ikataka 12, naye mkononi ana 11. Likabaki pengo moja, dogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Mjomba, si tuandike 11 tu, yaishe?"

Sikumgombeza. Kishawishi hicho nakijua: pengo likionekana, ni rahisi kubadilisha swali kuliko kutafuta kilichopotea. Nikamwambia ajaribu hiyo 11 yake. Alipanga na kupangua, na hakuna mpangilio wa vipande vizima uliokubali. Ndipo akainua mkeka. Kijipande kilikuwa pale. Akakitia mahali pake, akanyamaza kidogo, kisha akaandika (x + 3)(x + 4). Akafungua mabano, akazidisha, akarudi alikotoka: x² + 7x + 12.

Hesabu za namna hii huitwa aljebra, neno lililotoka kwenye jina la kitabu alichoandika mwanahisabati al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudishia kilichopungua, na pia ni kuunga mfupa uliovunjika. Yeye naye aliichora miraba ili msomaji aone kwa macho. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi: mjane apate nini, binti apate nini, deni lilipwe vipi kabla ya wote. Kwake, hesabu hizi zilikuwa njia ya kumfikishia mtu haki yake.

Kwa hiyo siwezi tena kuziona kama adhabu ya darasani. Naziona hata mtaani kwetu, ambako nyumba zimebanana, na wako wanaolala watano chumba kimoja. Godoro hutandikwa usiku, asubuhi likasimamishwa ukutani. Chumba ni kile kile, watu ni wale wale, na anayepanga kwa subira humpatia pa kulala hata mdogo wa mwisho. Vipande vyetu vyembamba navyo vilikuwa saba tangu mwanzo. Kilichovipa vidogo nafasi ni namna ya kuvigawa hivyo saba, na kilichokamilisha umbo ni kile kimoja ambacho tulikuwa tayari kukifuta.

Siku hizi nikiitwa kwenye kikao cha familia, cha shamba au cha mchango, nikaambiwa hesabu imekamilika na kila mtu amepata, huuliza kwanza kama kuna mtu aliyeinua mkeka.