Kusema kwa Kinywa cha Mwingine

Monolojia ni maneno marefu ya mhusika mmoja asiyekatizwa, awe anasema na wenzake jukwaani, na hadhira, au na nafsi yake. Kwa kijana anayeanza kujifunza uigizaji ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Hana mwenzake wa kumpokea neno likimponyoka, na mawazo anayoyatamka si yake. Hapo huzuka swali la kale: je, kuusema msimamo wa mtu ni kuuelewa, au ni kuuvaa kama maleba na kuuvua?

Plato aliona hatari nyingine kabisa, kwamba maleba hayo huenda yasivulike. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, vijana watakaoulinda mji wanakatazwa kuiga waoga na walevi, kwa kuwa uigaji unaoanza utotoni huota mizizi na kuwa tabia. Hofu hiyo ina ukweli wake kwa upande wa sauti na mwendo, maana hivyo huigwa bila kufikiri. Hoja haiigwi hivyo. Anayeitamka asijue imetoka wapi husikika mara moja kuwa amekariri.

Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, alitoa tofauti inayofaa sana darasani katika kitabu chake cha 1759 kuhusu hisia za kimaadili. Kujiweka mahali pa mwenye msiba kuna namna mbili: kujiuliza “ningekuwa mimi ingekuwaje?” na kujiuliza yeye, kwa jinsi alivyo, anauonaje msiba wake. Kwa Smith, huruma ya kweli ni ile ya pili. Wanafunzi wengi huanzia kwenye ya kwanza, ndiyo maana mfalme, mjane na mwizi hutoka wote wakiwa kijana yuleyule mwenye hasira.

Maneno ya Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, katika onyesho la kwanza la tendo la tatu la Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ni ya Julius Nyerere, huionyesha tofauti hiyo waziwazi. Watu huyakumbuka kwa sehemu yake ya katikati, Myahudi anapouliza kama yeye hana viungo na hisia kama Mkristo. Yakikatwa hapo, ni ombi la usawa, na kijana yeyote atalisema kwa moyo mkunjufu kwa sababu anakubaliana nalo. Lakini Shylock anaanza na kisasi na kumaliza na kisasi. Usawa anaoudai ni pamoja na haki ya kulipiza kama Wakristo wanavyolipiza, na anaowaambia ni watu waliokuwa wakimcheka muda huohuo kwa kutorokwa na binti yake. Mwanafunzi anayeyasema yote, asiruke mwanzo wala mwisho, hulazimika kushika mambo mawili kwa pamoja: huyu ameonewa kweli, na anachokusudia ni kukata nyama ya mtu. Kumwelewa si kumsamehe. Mwalimu anayekata maneno hayo yawe mazuri anaondoa kile hasa kilichokuwa kifundishwe.

Mitazamo inayopingana si lazima iwe ya watu wawili. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, mganga wa Vita vya Majimaji anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, kisha mwenyewe anaingiwa na shaka kuhusu alichotumwa na pepo Hongo. Hata hivyo, akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kuyakana. Kijana anayeigiza sehemu hiyo hujaribiwa kuchagua: ama mwongo, ama shujaa. Uchaguzi wowote huua mchezo. Kinjeketile anajali maana ambayo vizazi vitakavyofuata vitaipata katika kukana kwake, na hoja hiyo inasimama hata kama maji hayazuii risasi.

Kuna njia inayoanzia upande wa pili, kwenye usemi badala ya hoja. Mwigizaji wa Marekani Anna Deavere Smith alitengeneza Fires in the Mirror, onyesho la 1992, kutokana na mahojiano na watu wa Crown Heights, New York, baada ya ghasia za 1991 kati ya Weusi na Wayahudi. Aliwaigiza wote peke yake, kwa maneno yao wenyewe pamoja na kusitasita kwao. Darasani zoezi hilo ni rahisi: mwanafunzi humrekodi kwa ruhusa mtu mwenye rai asiyoipenda, kisha huisema bila kurekebisha neno. Kishawishi cha kumkejeli ni kikubwa, nacho huonekana haraka.

Upungufu wa monolojia ni kwamba anayesema ndiye pia anayechagua cha kunyamazia. Shylock peke yake hatoi habari za nyumbani kwake kama anavyozitoa binti yake Jessica, ambaye katika maneno machache ya tendo la pili anaona haya kuwa mtoto wa baba yake na anapanga kuondoka. Kwa hiyo ni heri mwanafunzi mmoja apewe sehemu zote mbili, ya baba kwanza, ya binti wiki inayofuata, na mazoezi yaanze kabla hajaamua nani ana haki.