Machozi ya Shilingi Mia Tano

Nianze kwa kukiri jambo ambalo washikaji zangu wa hapa Nachingwea wananitania nalo hadi leo. Nililia mbele za watu kwa sababu ya sinema. Si yale machozi ya kufikicha jicho ukasingizia vumbi, hapana. Nililia hadi kamasi, ndani ya kibanda umiza, katikati ya watu waliolipa shilingi mia tano zao waone ngumi.

Filamu yenyewe ni Black Panther: Wakanda Forever, ya mwaka 2022. Wapenzi wa Wakanda mnajua habari yake. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Aliambiwa ana ugonjwa huo tangu 2016, akauficha, akaendelea kuigiza mtu ambaye risasi hazimwingii. (Sisi wa kusini habari za risasi kutoingia tunazijua tangu Majimaji, 1905. Babu zetu walipewa maji, risasi zikaingia.) Watengenezaji hawakutafuta mtu mwingine wa kuigiza nafasi yake. Mfalme akafa kwenye hadithi kama mwigizaji wake alivyokufa duniani, kwa maradhi.

Mapema tu nembo ya kampuni inapita bila muziki, imejaa picha za marehemu. Vijana kibandani wakapiga kelele, "Fundi, sauti! Sauti imekata!" Kumbe haikukata. Walipoelewa, wakanyamaza wote.

Lakini mimi aliyenimaliza ni Shuri, mdogo wake mfalme. Kaka mtu anakata roho, yeye hayupo kando ya kitanda. Yuko maabara, anahangaika kutengeneza dawa. Mama yao ndiye anayekuja kumwambia kwamba imekwisha.

Basi sikilizeni. Mwaka 2021, msimu wa korosho, kaka yangu aliugua kwetu Ruangwa. Tulitaka kumpeleka hospitali ya Ndanda, fedha hatuna, na malipo ya korosho tulizokwisha peleka ghalani yalikuwa bado. Nikabeba gunia mbili zilizobaki nikaja nazo Nachingwea, nikaziuza kwa kangomba, kwa bei ambayo hata kuitaja naona aibu. Nilikuwa nahesabu noti simu ilipoita. Alikuwa shangazi. Hakusema neno, alilia tu, nikaelewa.

Fedha ya hospitali ikawa fedha ya sanda. Nilifika Ruangwa nikakuta kila mtu ananiuliza mimi: turubai liko wapi, mchele kilo ngapi, nani anakwenda kuchimba, sufuria kubwa tunakodi kwa nani. Siku tatu nilikuwa nakimbia. Sikudondosha chozi, si makaburini, si kwenye arobaini. Nilisikia kwa masikio yangu jirani mmoja akisema, "Huyu kijana ana roho ya jiwe." Mimi mwenyewe nikaanza kuamini hivyo, mpaka siku ile ya kibanda umiza.

Ndipo likanijia swali linaloninyima usingizi: inakuwaje mtu ashindwe kumlilia kaka yake wa tumbo moja, halafu amlilie mfalme wa nchi isiyokuwepo?

Swali si jipya. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika katika Maungamo yake, yapata miaka 1,600 iliyopita, kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, huku akitazama uharibifu wa nafsi yake kwa macho makavu. Anajilaumu vibaya sana. Kitabu hicho niliazimwa na padri mmoja, na nilipofika hapo nilikifunga nikatoka nje kupunga upepo.

Shangazi yangu, ambaye hajui Augustino wala Wakanda, ana jibu jepesi zaidi. Anasema hakuna anayemlilia maiti aliyelala pale. Mama akiingia msibani akapiga yowe, anamlilia mwanawe aliyemzika miaka kumi nyuma. Kila mtu na wake. Kwa hesabu ya shangazi, mimi nilikuwa namlilia kaka, ila nilichelewa na nikakosea nyumba.

Jibu hilo ni tamu, nilikaa nalo miezi kadhaa. Sasa linanitia wasiwasi. Yule mama mwenye yowe, akimaliza kulia, anafunga kanga kiunoni anakwenda kisimani. Anaosha masufuria, anatoa rambirambi, analala chini kwenye mkeka siku tatu. Msibani chozi lina kazi inayolifuata. Kibandani mimi nililia, taa ikawashwa, nikatoka nikanunua chipsi. T'Challa hakuniachia deni wala mjane. Labda ndiyo maana nilimlilia vizuri vile, kwamba hakuna mtu angenigeukia kuniuliza turubai liko wapi.

Na hili linatugusa sisi tunaotaka kuandika. Nina riwaya kwenye madaftari manne, na ukweli ni kwamba natamani msomaji wangu alie kama nilivyolia mimi. Namwombea machozi ya bure. Je, namfanyia wema, au namuuzia njia ya kujiona mwema bila kunyanyuka kitini? Sijapata jibu, na sijaacha kuandika.

Filamu ile ina kipande cha mwisho ambacho wengi kibandani hawakukiona kwa sababu walikwisha simama. Shuri yuko ufukweni Haiti, analetewa mtoto wa kiume. Ni mtoto wa kaka yake, alifichwa, hakuwahi kujua kama yupo. Yeye alikuwa na udhuru.

Mtoto wa kaka yangu yuko Ruangwa, darasa la tatu. Filamu nimeirudia mara mbili. Kwake sijafika tangu arobaini ya baba yake, na hata daftari sijampelekea. Juzi nilimpigia shemeji, simu akapokea mtoto. Akaniuliza, "Baba mdogo, kwako Nachingwea kuna tivii?" Nikamwambia ipo kwa jirani. Akanyamaza kidogo.

"Sasa utakuja lini?"

Nikasema Jumamosi. Leo Alhamisi, nauli bado sijaitenga.